Kaburi Lililonyoosha Miguu

Chokaa mbichi ina harufu yake, na mtu aliyekulia Kivinje haisahau. Ni harufu ya kitu kilichochomwa kikamwagiwa maji kabla hakijapoa. Inakupanda puani, inakukausha koo, na ikichanganyika na ubani ndiyo kabisa. Kwetu harufu hiyo ilikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani, watu walipokwenda kusafisha makaburi kabla ya kufunga. Wanaume walifyeka majani, akina mama walifagia na kuteka maji, na sisi watoto tulitumwa huku na huku mpaka miguu ikawa myeupe hadi magotini. Sasa nina miaka hamsini na kitu, nimeishi miji mingine na nimenusa mengi, lakini nikipita penye ukuta unaopakwa chokaa lazima nisimame. Namkumbuka Bibi yangu na mkono wake wa kulia.

Makaburi ya zamani yalikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi, mzaa baba, ambaye ndiye niliyeishi naye nikisoma, wazazi wangu wakiwa shamba Milola. Mengi yalikuwa yamekwisha, limebaki jiwe hapa na jiwe pale. Moja tu lilitisha: Kaburi la Mgeni. Lilikuwa refu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hakuna aliyejua jina la aliyelala ndani. Wengine walisema ni mcha Mungu aliyekuja kwa miguu kutoka bara, wengine wakasema ni pandikizi la mtu, aliyekuwa akiinama hata akiingia msikitini. Ila kwa jambo moja mji mzima ulikubaliana: Mgeni hajatulia, kila mwaka ananyoosha miguu. Kaburi lilikuwa linarefuka, na lilikuwa linarefuka kuja kwetu. Zamani nyumba ya jirani ilisimama kati yetu na kaburi. Sasa ulibaki msingi tu, na miguu ya Mgeni ilikuwa imeshaukanyaga na kuuvuka. Nyumba ikiguswa na miguu ile, walisema, wenyewe huihama au huzikwa. Na anayethubutu kuondoa jiwe Mgeni alipolitia, mkono wake hukauka kabla ya siku arobaini. Niliyaamini yote. Anayejidai kwamba utotoni hakuwahi kuogopa kaburi, huyo namwachia mwenyewe.

Mwaka ninaousimulia, pengo kati ya miguu ya Mgeni na ukuta wetu lilikuwa limebaki dogo hivi kwamba mbuzi alipita kwa kujibana. Baba Mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliyekuwa na duka Mtama, alikuja siku chache kabla ya usafi wa makaburi akaliona. Baada ya chakula akasema alilokuja nalo. Sikukuu ya Idi ikipita angeleta gari, amhamishie Bibi Mtama, nyumba ifungwe. Hakuwa mtu mbaya, tafadhali tusielewane vibaya. Alimpenda mama yake na alikuwa na hofu ya kweli, nilimwona anavyogeuza uso akipita dirisha la nyuma. Lakini nyumba ile Babu aliijenga kwa mikono yake, na Bibi alijifungulia watoto wake wote mle ndani. Bibi hakubishana. Aliendelea kusuka ukili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa kuwa mkeka, ila niliona vidole vinakosea, anasuka na kufumua, anasuka na kufumua. Nilipata uchungu nikaenda kulilia chooni.

Nilipotoka huko nilikuwa nimeshapata wazo, na mpaka leo najisifia kwa wazo lile, sioni haya. Nilikata kipande cha ukili alichokuwa amekitupa, nikaenda nyuma nikapima pengo, kutoka miguu ya Mgeni hadi ukutani, nikafunga fundo. Kesho yake nikapima tena. Nikapima kesho kutwa, asubuhi na alasiri, nikisoma Kul-huwallahu huku nafumba jicho moja. Fundo halikusogea hata kidogo. Nikasema moyoni, basi Mgeni amelala. Ikafika siku ya usafi, chokaa ikapakwa, watu wakala ubwabwa wa sadaka wakaondoka. Nikachukua ukili wangu nikapima. Ulizidi kwa vidole vinne. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mtungini mgongoni. Nilitaka kukimbia, lakini macho yangu yalikuwa yameshaona kitu, na ubishi wangu ni wa kuzaliwa nao.

Pale miguuni, chini ya chokaa mbichi, niliyatambua mawe. Moja lilikuwa na tundu katikati, na jana yake nililiona limelala mchangani, peke yake. Ardhi ya pale iliteremka kuja kwetu. Mvua za masika zilibomoa kichwa na mbavu za kaburi, mawe yakaviringika hadi miguuni, na Fundi Selemani, aliyekuwa akilipaka chokaa kila mwaka, hakuthubutu kuyaokota. Kwetu jiwe la kaburi halitolewi makaburini wala halitumiwi kujengea kitu kingine, na la Mgeni ndiyo hata kusogezwa halisogezwi. Basi fundi alifanya alichofanya baba yake kabla yake: aliyazibia chokaa palepale yalipoangukia. Mwaka huu vidole vinne, mwakani vinne, na kaburi linatembea. Waliolivuta ni sisi wenyewe, kwa kuliogopa.

Nilimkuta Bibi ameketi kwenye mkeka. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikamwonyesha fundo. Bibi alikuwa na utani wa kuniita mke mwenzake, maana nilipewa jina la mama yake Babu, ambaye Babu alimpenda kupita kiasi.

"We mke mwenza," akasema, "una hakika, au unataka tu nisiende Mtama?"

"Vyote viwili, Bibi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaniuliza mara mbili habari za lile jiwe lenye tundu, akarudi kwenye ukili wake. Nilidhani ameniona mtoto.

Alasiri ya kesho yake alitia udhu, akajifunga kanga vizuri, akamwita Fundi Selemani, akamwita Baba Mdogo, na majirani hawakuhitaji kuitwa. Akaenda moja kwa moja miguuni pa kaburi, akachukua jembe la fundi, akabandua chokaa ambayo ilikuwa haijashika sawasawa. Fundi akashika kichwa. Baba Mdogo akasema, "Mama, nakuomba. Mama, kwa ajili yetu, acha." Bibi akamjibu bila kugeuka, "Nimekusikia, baba. Shika hilo beseni." Akasema Bismillahi, akainama, akaliokota jiwe lenye tundu kwa mkono wa kulia. Akalipeleka hadi kichwani pa kaburi akaliweka palipobomoka. "Mgeni wetu," akasema kwa sauti ya kila siku, kama anayezungumza na jirani, "samahani sana, lakini hiki ni kichwa chako, tulikuwekea miguuni." Aliokota kumi na saba mengine. Niliyahesabu yote, na kwa kila moja nilitamani nirudishe maneno yangu kinywani.

Maana sasa hofu ilinigeukia mimi. Kama mkono ule ungekauka, ni ulimi wangu ulioukausha. Ramadhani nzima nilikaa nikiutazama mkono wa Bibi. Niliutazama ukikanda unga wa maandazi, ukivuta uradi, ukinipiga kofi la mapenzi nilipopitiwa na usingizi wakati wa daku. Watu walipita kumjulia hali kwa wingi usio wa kawaida, na wote macho yaliwaponyoka kuelekea mkono mmoja. Zikapita siku kama ishirini na tano, na asubuhi moja nikaona kidole cha shahada kimevimba, chekundu, kinang'aa. Yallah! Baba Mdogo, aliyekuwa amefunga duka lake akaja kufunga nasi kwa sababu hakulala kwa wasiwasi, alikiona pia. Mimi nilipiga ukelele, nikamkumbatia Bibi miguu, nikasema nisamehe, nilidanganya, sikupima vizuri. "Usiseme uongo mchana wa Ramadhani," Bibi akanikemea. "Ulipima vizuri. Hii ni sindano ya kushonea mkeka, imenichoma juzi, nawe ulikuwapo, ukanicheka." Kweli nilikuwepo, kweli nilicheka. Hofu ilikuwa imenisahaulisha hata nilichokiona kwa macho yangu. Akakiloweka kidole kwenye maji ya moto ya chumvi, siku ya tatu kikanywea.

Siku ya arobaini iliangukia baada ya Idi. Bibi alipika wali wa nazi na pweza, akaita wale wale waliosimama makaburini, akawapakulia kila mmoja kwa mkono wake wa kulia, pole pole, waushibe kwa macho. Baba Mdogo alikula, akaomba tena. Gari la kuhamia Mtama halikutajwa. Jioni ile, kabla ya magharibi, alitoka na Fundi Selemani wakapima pengo kwa ukili wangu, wanaume wazima wawili wamechuchumaa, nami nikiwasimamia. Bibi aliishi katika nyumba ile miaka mingi sana baadaye, na humohumo alifia, amezeeka, kitandani kwake.

Nyumba ile sasa ndiyo ninayokaa mimi. Nimeiezeka bati, bodaboda zinapita mbele yake siku nzima, na vijana wanasema Kiswahili cha Dar ambacho nusu yake nakifuata kwa kukisia. Pengo la nyuma ni lile lile, maana baada ya mwaka ule mawe yakianguka hurudishwa mahali pake. Hofu ya Mgeni imekwisha. Lakini mji wetu, jamani! Bibi amezikwa hatua chache kutoka kwa Mgeni, na siku hizi nakuta vitambaa vyeupe vimefungwa penye kaburi lake. Inasemekana alikuwa na mkono wa baraka, kwamba alimsukuma Mgeni akarudi nyuma kwa kiganja kimoja. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka tisa, alitoka shule akiwa na macho makubwa. "Bibi, ati kaburi la bibi yako linazidi kuwa fupi, na likiisha mji unazama?" Nilikasirika, nikacheka, nikatamani Bibi angesikia. Kisha nikafungua kasha, nikautoa ule ukili, umekauka, fundo bado limekaza. Nikamwekea mkononi.

"Sijui, mke mwenza," nikamwambia. "Nenda kapime, kisha uje uniambie."