Gari Nisiloweza Kulizima

Cheka ukitaka. Watu wa Manyatta wamenicheka miezi minne sasa na nimezoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja pombe. Nikuulize, mtu na akili zake atunge kisa cha kujiaibisha namna hii ili apate nini?

Mimi huuza mbegu na mbolea hapa sokoni, na nina ugonjwa mmoja tu, nao ni gari langu. Ni gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, lenye kabureta na viti vya ngozi, na umri wake unanipita mimi. Mwaka jana nililitia AC. Marafiki waliangua kicheko. Huku kwetu karibu na mlima tunaamka na sweta mbili, sasa baridi ya kununua ni ya nini? Ilikuwa ya mama. Mama aliishi kule chini Mbeere, upande wa Kiritiri, na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alituambia wazi kwamba joto la kule litammaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. Kuhama alikataa kwa sababu ya mbuzi wake. Basi nikaona angalau siku za kliniki asafiri mahali penye ubaridi.

AC ilifungwa na Mutwiri, fundi wa Majengo kule Meru, mtu anayesikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni. Alinionya mapema.

"Mzee, hii injini ni kidogo na imezeeka. Ukiwasha AC unaibebesha mzigo. Ukiwa unaenda ni sawa, lakini ukisimama ngurumo itashuka, itetemeke, izime. Kuna kifaa cha kuipandisha mafuta yenyewe AC ikiwaka, lakini ya hii gari nimetafuta nikakosa. Ukisimama, weka mguu kwa mafuta na usitoe."

Nikamuuliza, na likizima likiwa na moto?

"Hapo utangoja ipoe. Hata saa nzima."

Niliyaweka maneno hayo akilini, nikaendelea na raha zangu.

Siku yenyewe ilikuwa Februari. Jirani wa mama alipiga simu kwamba mama hapumui vizuri na gari la wagonjwa halipatikani. Niliteremka Kiritiri sijui kwa mwendo gani. Tukamlaza kiti cha nyuma, midomo yake imekuwa ya kijivu. Nikawasha AC mpaka mwisho, nikageuza kuelekea hospitali ya Embu. Baada ya mwendo kidogo akafungua macho. Huwa ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la babake. Akasema, "Baba, hapa ni pazuri." Nusura nilie.

Kisha tukafika kwenye daraja lililokuwa likitengenezwa. Upande mmoja tu ndio ulikuwa unapitika, na mama mmoja mwenye bendera nyekundu akatusimamisha. Mbele yangu lori la mchanga, nyuma yangu lori lingine, kando mtaro. Nilishuka nikamsihi. Akaniambia ng'ambo tayari magari yameingia darajani, ningoje. Niliporudi ndani injini ilikuwa imeanza kutetemeka.

Nikaweka mguu kwenye pedali ya mafuta kama nilivyofundishwa. Likanguruma, likashuka, likanguruma, likashuka. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima AC ili kuipunguzia injini mzigo, na kabla sijahesabu ishirini mama akaanza kuhema na kukwaruza kiti kwa kucha. Nikaiwasha tena, gari likatikisika zima. Unaelewa nilivyokuwa? Nikiwasha, gari litazima na halitawaka. Nikizima, mama ananifia hapo nyuma. Niliomba kwa sauti. Nilimwambia Mungu achukue gari, duka, shamba, chochote. Jasho na machozi vilichanganyika nikawa sioni barabara.

Ndipo mtu akagonga boneti. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu iliyopauka, si mzee wala si kijana, na bisibisi mkononi. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, na katika joto lile hata mawe yalikuwa yanatoa jasho. Niamini, niliona hilo, na nikalipuuza.

"Fungua boneti, mzee. Hii gari inakufa."

Nikafungua, nikatoka. Aliinama, akaegemeza mkono mtupu kwenye bomba la moshi pale linapoanzia, mahali ambapo ungeacha ngozi yako yote. Hakuutoa. Akawa ananiongelesha hivi tu, mkono uko palepale.

"Mzigo ni mwingi. Hii haitaki mafuta tu, inataka mtu wa kuishikilia."

Akazunguka hadi dirisha la nyuma, akamwangalia mama, akanyoosha kiganja. "Mama, nimewasaidia. Nibariki niende."

Wewe unajua mila zetu. Mzee akisaidiwa na mtoto wa mtu, humtemea mate kidogo kiganjani, na hiyo ni baraka kubwa kuliko asante. Kumnyima ni aibu. Lakini unajua pia kwamba kwanza huulizwa swali moja: wewe ni wa nani? Mzazi lazima ajue baraka yake inaingia nyumba gani. Mama alikuwa hana pumzi ya kuuliza. Mimi nilikuwa nayo, ila nilikuwa na haraka, nikamteremshia kioo na kumwambia, "Mama, mbariki tafadhali." Alijitahidi na mdomo ule mkavu mpaka akapata tone. Nilimwinua kichwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Yule mtu alifunga ngumi. Akarudi mbele, akapaka mate yale kwenye skrubu ndogo ya kabureta, ile inayopanga ngurumo gari likiwa limesimama, akaizungusha mara moja. Gari likatulia. Sijawahi kusikia injini imetulia hivyo, na AC inavuma. Nyuma yangu pumzi ya mama nayo ikatulia.

"Usiizime," akasema. Nikageuka kumwangalia mama, na nilipogeuka tena hakuwa hapo. Bendera ikashushwa, tukapita.

Pale hospitali wauguzi walimpokea kwa kiti cha magurudumu, anaongea, anauliza kuhusu mbuzi. Na mimi, kwa mazoea tu, nikazungusha ufunguo nikalizima. Nilisikia muuguzi akiita kwa nguvu. Mama alikuwa ameinama kitini, kichwa kimelegea, wanamlaza chini, wanamkandamiza kifua. Kisha nikakumbuka lile neno, usiizime, nikakimbilia gari. Injini ilikuwa na moto mkali, haikupaswa kuwaka, lakini iliwaka mara moja. Nilipotazama kule mlangoni mama alikuwa anakohoa na kumsukuma muuguzi mikono.

Utasema ni bahati. Mimi pia nilisema hivyo. Usiku uleule nikazima AC peke yake, injini nikaiacha. Waliniita wodini kwamba mama anaungua homa na mapigo yake yanaruka. Nikaiwasha, akapoa. Sikujaribu tena.

Tangu siku hiyo gari halijazimwa. Nilimleta mama hapa Manyatta nikaliegesha nyuma ya duka, karibu na dirisha lake. Natia petroli likinguruma, jambo ambalo usilifanye kamwe. Muuguzi wa zahanati humpima mapigo kila wiki na kila wiki hushangaa, kwa sababu mama akilala, akila, akipanda ngazi, moyo wake haupandi wala haushuki. Mutwiri alikuja kutoka Meru, akaweka bisibisi sikioni, akainamia kabureta kutazama. Akafunga boneti bila kunitazama machoni.

"Mzee, hii skrubu imefungwa mpaka mwisho. Hakuna mafuta inapita hapo. Hii gari haifai kuwa inanguruma." Hajarudi tena, na simu zangu hapokei.

Nilirudi hata kwenye daraja. Yule mama wa bendera alinikumbuka vizuri. Alisema aliniona nikifungua boneti mwenyewe na kuongea peke yangu, na akanihurumia.

Sasa tatizo ni hili, na ndilo linaloninyima usingizi. Oili siwezi kubadilisha injini ikizunguka, na imekuwa nyeusi. Mkanda wa kompresa ya AC umeanza kulia. Juzi jioni ngurumo ilishuka kwa muda mfupi, ikatetemeka, na ndani ya nyumba mama akaangusha kikombe. Nimeuliza mafundi wa Embu, wa Nchiru, wa Meru yote, jinsi ya kushikilia ngurumo ya gari la zamani na AC ikiwaka. Wote wanasema lizime kwanza, tuliangalie. Natamani ungeona uso wangu wakisema hivyo.

Na mama mwenyewe amejua. Sikumwambia, lakini amejua. Jana aliniita dirishani, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama upepo unaotoka kwenye zile tundu za dashibodi.

"Baba, nimechoka na hii kelele. Iko ndani ya kifua. Kazime."

Nilimwambia nitazima kesho. Ni mara ya kwanza maishani nimemdanganya mama, na naogopa kesho nitamdanganya tena.

Kwa hivyo nakusihi, ukisaidiwa njiani, shukuru, mpe mtu chochote ulicho nacho. Lakini baraka ya mzazi wako usiitoe mpaka umeuliza yule ni wa nani, hata kama pumzi yake ni ya mwisho. Na mtu huyo akikuambia usizime, muulize hadi lini. Mimi sikuuliza. Siku ukipita Manyatta usikie gari likinguruma nyuma ya duka la mbolea, usiniulize kwa nini silizimi. Niulize mama ameamkaje.