Kiapo Ambacho Watu wa Mlimani Hawakula

Kaluki alikuwa anakoroga uji, mtoto mgongoni, wanaume wa mlimani walipoingia bomani kwake. Walikuja wengi, na mishale. Jirani habebi mishale akija kusalimia tu, kwa hivyo akajua hapo hapo kwamba habari si nzuri.

Ulikuwa mwaka wa njaa ile kubwa ya themanini na nne. Huku chini, mashariki ya mlima wa Nuu, nyumba zilikuwa chache, na mume wake Mutiso ndiye aliyekuwa mzee wa kijiji. Ng'ambo ya mto mkavu walikuwa wamepiga kambi wafugaji Wasomali na ngamia wao. Kisima kilikuwa kimoja, kimechimbwa mchangani. Asubuhi Kaluki alichota pamoja na Istahil, mke wa Shire, mkubwa wa kambi ile, mmoja akiinama mwenzake anamshikia mtoto. Lakini mlimani ng'ombe walikuwa wameibwa. Nani aliiba, hakuna aliyeona. Watu walisema tu kwamba nyayo zilielekea mtoni.

Mwangangi, aliyewaongoza wageni, hakuzunguka. Kesho alfajiri wanavuka kuwapiga wale watu, na wanataka wanaume wa Mutiso wawe mbele, kwa sababu wanajua vivuko. Halafu akaweka chini kifurushi cha ngozi, na Kaluki akarudi nyuma hatua moja. Kilikuwa kithitu, kitu cha kuapia. Mtu akiapa kwa kithitu kisha avunje neno, huisha yeye na watoto wake. Mwangangi alitaka kijiji kizima kiape kwamba hakitarudi nyuma.

Mutiso alikuwa mtu wa kanisa, lakini jasho lilimtoka. Akauliza, na wale wakirudi kulipiza?

"Wakiwagusa tutashuka," Mwangangi akasema. "Sisi ni wengi. Mnaogopa nini?"

Kaluki aliupima huo umbali kichwani. Kutoka mlimani hadi hapa ni nusu siku kwa mguu. Kutoka kambini hadi mlangoni pake, mbuzi huvuka akiwa bado anatafuna. Alijua mwanamke hasemi mbele ya kitu kile. Akachukua kibuyu cha uji, akainama kumpa mume wake.

"Baba Nzomo," akanong'ona, "waulize kama na wao wataapa. Kwamba watashuka siku hiyo hiyo."

Mwangangi alisikia. Akauliza kama siku hizi baraza linaendeshwa kutoka jikoni, na watu wake wakacheka. Mutiso hakucheka. Alilirudia swali vile vile, kwa sauti. Akasema yeye hawezi kugusa kitu hicho, Mungu amemkataza, lakini wao wanaokiamini, waape.

Kicheko kikaisha. Mmoja akaangalia vidole vya miguu yake. Mwingine akasema njaa imemaliza watu nguvu, nani anaweza kuahidi miguu yake? Mwangangi akasema neno lake linatosha.

"Kama neno lako linatosha, hicho umekibebea nini?" Mutiso akamwambia. "Sisi hatuendi."

Walipoondoka, Mwangangi aligeuka mara moja tu. "Siku mtakayolia, msituite."

Maneno hayo hayakumtoka Kaluki. Sasa hofu ilikuwa mbele na nyuma.

Alfajiri bunduki zililia upande wa juu wa mto. Mutiso alikuwa amekataza mwanamume yeyote kukanyaga mchanga wa mto. Jua lilipochomoza, Shire alikuja na watu wenye bunduki. Hakusalimu. Alitaka kuona miguu, ailinganishe na nyayo za waliovamia kambi. Wanaume wa kijiji wakatembezwa mmoja mmoja, wamevaa akala zao za matairi, na mzee mmoja wa Kisomali akawa anainamia kila unyayo.

Akala za Mutiso zilikatwa na fundi yule yule wa watu wa mlimani. Mzee aliuangalia unyayo wake, akaondoka, akarudi tena. Kaluki alimkaza mtoto mgongoni mpaka akalia.

Mzee akatikisa kichwa.

"Hawa hawakuvuka," Shire akasema. Akamgeukia Mutiso. "Ndugu yangu amekufa. Mngekuwa nao, leo hapa hapangebaki nyumba."

Wakashika njia ya mlimani. Mchana moshi ukaonekana huko juu. Hapo Mutiso akampakia punda mitungi ya maji, akapanda kwenda kuwasaidia, na Kaluki hakumzuia.

Alirudi kesho yake jioni, mitungi ikiwa bado imejaa. Watu wa mlimani walimkataa, yeye na maji yake. Kaluki akayamimina yale maji sufuriani, akapikia watoto, kisha akawalaza na nguo zao na viatu vyao miguuni, wakiamshwa usiku wawe tayari kukimbia.