Kulhuwallahu Kumi Mbele ya Mishumaa

Majina yao yote ninayo kichwani, mpaka la paka wao, lakini siyaandiki. Wajukuu wao wapo, na mie uzee huu sitaki maneno na mtu.

Alikuwa mpiga picha, mtu wa Seilani, ndiyo Sri Lanka ya leo, amepanga nyumba Chake Chake, duka mbele na makazi nyuma. Siku hizo Waseilani wa Pemba nzima ungewahesabu kwa vidole vya mikono yako na vikabaki. Nilisikia hekalu lao liko Unguja, na Unguja ni mbali, kwa hiyo wao walijifanyia lao ndani ya nyumba. Chumba kidogo, dirisha limezibwa kwa gunia, na juu ya meza Buda wa shaba amekunja miguu, si mkubwa kuliko kibuyu. Mbele yake mishumaa na sahani ya asumini. Kila Waseilani walipopata nafasi walikusanyika pale, wanaume watano na wake wawili, wakaimba kwa sauti ya chini.

Mie nilikuwa na miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Kila asubuhi nilitoka kwetu Madungu kwenda kumshikia mkewe mtoto. Bibi yangu aliniruhusu kwa sharti moja, chumba kile nisikitie mguu.

"Imani hutokea kisiginoni," alinambia. "Hutoisikia ikitoka. Utajua siku unafungua mdomo usome, huna kitu."

Na mwezi ule imani yangu niliibeba kama yai. Nilikuwa nahitimu. Nimebakiwa na kurasa chache za Baqara, maana kwetu msahafu tulianzia sura za mwisho, na Ijumaa ya pili yake ningesoma mbele ya watu nyumbani kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mama mmoja mjane asiyecheka. Baba keshafunga mbuzi uani. Mwalimu yule akikukataa siku ya khitma, basi tena. Kulikuwa na mwanamke mtaani kwetu, ana watoto wanne, na bado watu wakimtaja kwa kukataliwa kwake: "Yule? Si ndiye aliyerudishwa chuoni?"

Sasa, ikaja barua kutoka Seilani. Mama yake mpiga picha yu hoi kitandani, na ombi lake moja tu: aone kwa macho yake kama mwanawe huko ng'ambo bado anasali au amepotea. Kwa hiyo mume na mke walitaka picha yao wamepiga magoti mbele ya mishumaa, pasiwe na taa nyengine. Waseilani wenzao walikuwa wamekwenda Wete kwa shughuli zao, na kamera ya siku zile haikujipiga yenyewe. Alitakiwa mtu wa kuvua kile kifuniko cha jicho la kamera, asubiri, akirudishe.

"Mkono wako mtulivu," mpiga picha akanambia. "Nimekuona unatia mafuta kwenye taa, hata tone halimwagiki."

"Bwana, mie siingii humo."

Hakunilazimisha. Mkewe ndiye aliyeniangalia, mtoto begani, akasema, "Mkwe wangu anakufa." Basi. 

Nikaingia. Niliingia kwa mguu wa kushoto, kama mtu anavyoingia chooni, na dua ya chooni nikaisoma kimoyomoyo. Leo naona haya kuyaandika, kwa sababu wenyeji wangu walikuwa wamevua viatu mlangoni kwa heshima na wananiangalia. Lakini ndivyo nilivyofanya.

Kabla ya hapo mpiga picha alikuwa ameniuliza kama najua kuhesabu mpaka sitini, polepole. Nikamwambia ishirini nafika, baada ya hapo zinanichanganya. Kwetu saa ilikuwa ya wenye saa. Bibi alipika uji wa mgonjwa kwa Yasini moja, na mkate wa kumimina aliugeuza baada ya Alhamdu saba, na haujapata kuungua. Nikamwambia, "Nitasoma Kulhuwallahu, sura fupi hiyo." Akacheka, akatoa saa yake ya mfukoni, akanisomesha pale ukumbini mara moja. Akatazama mshale. "Soma kumi," akasema. "Hivyo hivyo, usibadilishe mwendo."

Ukumbini ilikuwa rahisi.

Mle ndani mlinuka nta na asumini zilizonyauka. Mishumaa saba, mmoja wao chini sakafuni karibu na miguu ya kamera. Mtoto walimwacha amelala ukumbini; wao wakapiga magoti, wakaunganisha viganja, wakatulia kama na wao ni shaba. Mume akasema bila kugeuka, "Fungua." Nikavua kifuniko. Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nikamtazama Buda. Bibi alikuwa akisema masanamu hukukodolea macho. Huyu macho yake kayafumba nusu, kama mtu anayesikiliza. Nikasema, masikini mie, anasikiliza ninachosoma! Maneno ya Mungu nayasoma mbele ya sanamu, tena kwa kazi ya picha! Nikaivuta kanga haraka nikajiziba mdomo, asisikie, nikasoma humo ndani ya kanga. Nilisoma mbio. Nilifika sita, au saba, sijui. Nikarudisha kifuniko nikatoka nje, nikawaacha bado wamepiga magoti.

Siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Kila nikikaa peke yangu nilijijaribu, najisomea aya moja nione kama ipo. Nikiipata, nasema labda hii ndiyo ya mwisho. Mama akaniuliza, "Weye una homa?" Nikasema nina homa.

Siku ya tatu mpiga picha akaniita dukani. Picha imetoka, iko juu ya meza, bado ina unyevu. Nilitegemea ukali. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alinifundisha kana kwamba mie ni mwanafunzi wake.

"Tazama hapa. Nyuso zetu hazikuiva. Umefunga mapema. Umesoma ngapi?"

"Kumi, bwana."

"Si kumi." Akaweka kidole kwenye mshumaa ule wa sakafuni. Ndimi sita zimesimama wima kama punje za mpunga, lakini ule wa saba umetawanyika kama unyoya wa kuku. "Na hapa umepunga kitu. Kanga? Hapa uliogopa. Hofu yako naiona, hii hapa."

Kama yeye anaiona kwenye karatasi, mwalimu wangu ataikosaje usoni pangu?

"Lakini kamera hukuitikisa hata kidogo," akaendelea. "Jicho lake limetulia. Mkono unao. Kesho tutarudia, na kanga utaiacha nje."

Kesho turudie! Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja chuoni, wakati watoto wenzangu wameshaondoka na mwalimu anakunja majamvi. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote, kuanzia barua mpaka unyoya wa kuku. Aliendelea kukunja jamvi mpaka nikamaliza.

"Ulimsujudia?"

"Sikumsujudia, Bi."

"Uliomba kitu kwake?"

"La, Bi. Nilikuwa nahesabu tu."

"Wahesabu kwa Kulhuwallahu!" akasema. "Kama kuku anayetaga!" Akakaa. Akauvuta msahafu wangu kwenye marfaa, kile kibao cha kuusomea, na mie nikajua ndiyo basi. Waliokataliwa wote, hivyo ndivyo alivyowafanya: aliufunga msahafu wa mtu mbele yake, akamwambia nenda kwenu, hakusema neno jengine. Mkono wake ukakaa juu ya jalada. Nikamwona mbuzi, nikamwona baba.

Akaufungua.

"Isome hiyo uliyoisoma huko."

Nikasoma. Mbio, kama nilivyosoma kule. Sikumaliza mara ya pili, akanipiga kidogo gotini kwa ufito wake. "Nani anakufukuza? Vuta pumzi. Anza." Nikaanza. Akanipiga tena. "Bado unakimbia." Alinirudisha mara nne, nalia na kusoma, na kila akinirudisha mie nazidi kupata pumzi, kwa sababu mwalimu yule hakuwa mtu wa kumsahihisha aliyekwisha kumtupa. Zilipotimia kumi akasema nifungue Baqara pale nilipoishia.

"Na kile chumba, Bi?"

"Usikiingie tena."

"Na yule mama anayekufa?"

"Mwanawe ana mikono," akasema. "Soma."

Asubuhi yake nilimwambia mpiga picha nimekatazwa. Niliogopa atanifukuza, lakini alitikisa kichwa tu, akasema kungoja wenzake warudi kutoka Wete ni kuikosa meli ya barua. Akaichukua picha ile ile, yenye nyuso zisizoiva, akaitia kwenye bahasha. Mkewe alitaka kuandika nyuma yake kwamba mshumaa ule ulipungwa na upepo.

"Upepo gani, na dirisha lina gunia?" mumewe akamwambia. "Andika kweli. Andika nyuma ya kamera kulikuwa na mtoto, aliogopa, na alisimama."

Akaandika kwa herufi zao za mviringo. Mie nikamshika mtoto wao mpaka wino ukakauka.