Jina la Florian

Mama Scholastica alizaliwa tarehe kumi Februari, na katika nyumba ya katekista kule Kitura hilo lilitosha. Baba yake alikuwa na kalenda ya watakatifu ukutani. Mtoto akilia tu, mzee anavaa miwani, anatafuta siku, jina limepatikana. Hakuna kikao wala ubishi. Ndivyo walivyopatikana wadogo zake Sixtus na Wilfred, na ndivyo yeye alivyopewa jina lenye shule ndani yake. Shule yenyewe aliishia darasa la nne, akatolewa akawalee hao wadogo zake. Alinisimulia hayo huku akicheka. Aliyekuwa akikasirika ni mimi.

Nilipanga chumba kwake miaka sita, nilipokuwa mtendaji wa kata huko milimani. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, naitwa Shija kwa sababu nilizaliwa nyuma ya mapacha. Kwetu jina ni habari ya namna ulivyokuja duniani: Mabula alikuja na mvua, Nyanzala alikuja na njaa. Mama Scholastica alizipenda sana habari hizo. Jioni tukichambua maharage alinitaka nirudie ya Nyanzala, kisha anasikitika kana kwamba ni jirani yake.

"Maskini! Njaa ya siku moja, mtu anaibeba mpaka uzeeni."

Mumewe, Bernadi, alifariki mapema. Akabaki na kahawa, ngolo zake, yale mashimo ya kulimia maharage kwenye mteremko, na mtoto mmoja tu, aliyezaliwa tarehe nne Mei. Kalenda ilisema Florian, akawa Florian. Padri alimwambia jina hilo ni la Kilatini na ndani yake mna kuchanua. Mama akaridhika, hakuuliza zaidi.

Florian alipokua akawa anashuka Lundo, kando ya ziwa, kununua dagaa wa usipa wa kuuza milimani. Akanogewa na ziwa, akanogewa zaidi na binti mmoja wa huko, Mariana, akahamia. Mwaka juzi, mwezi wa Julai, upepo wa mwera ulipindua mtumbwi uliokuwa na watu watatu. Wawili waliogelea wakatoka. Florian alikuwa mtoto wa mlimani, kuogelea hakujua. Walimtafuta siku tisa, na hajaonekana mpaka leo. Mariana alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamishiwa Lundo, kwa hiyo aliyempigia simu mama yake ni mimi. Nilivyomwambia sitaki kuandika.

Januari Mariana akajifungua mtoto wa kiume. Pwani ya ziwa wakawa wanamwita Shukrani, kwa kuwa angalau huyo amebaki. Milimani ukoo ukakaa kikao. Misa ilikwisha kusomwa, lakini kaburi hapakuwa, na msiba usio na kaburi hauna pa kuishia. Kilichobaki ni jina. Katika ukoo ule jina la marehemu hupewa mtoto wa kwanza kuzaliwa nyuma yake, na siku hiyo ndipo msiba unaondolewa, watu wanarudi mashambani, na marehemu anahesabiwa kuwa amekwenda kweli. Mwenye jina akiwa hai, halitolewi kwa mtoto yeyote. Bibi ndiye hulitamka kwanza, mtoto akiwa mikononi mwake.

"Shuka ziwani, shemeji," mzee Mansuetus, kaka yake Bernadi, alimwambia. "Mpe mtoto jina, tumalize."

Sasa nieleze kosa langu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza vichwa vya wenzangu. Wiki moja kabla ya safari hiyo, Ida, mama yake Mariana, alikuja ofisini kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Nikaanza mbwembwe zangu za majina. Akaniuliza Florian ni jina la wapi. Nilikuwa nimelisoma juzi tu, basi nikajibu kwa majivuno kwamba alikuwa askari wa Kirumi, akakataa kuikana imani, akafungwa jiwe shingoni na kutoswa mtoni. Ida alinyanyuka. Aliifunga upya kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Basi Mama Scholastica alipofika na debe lake la maharage, alipokewa vizuri, akapikiwa samaki mbasa, akabebeshwa mjukuu. Ila jina alinyimwa. Walikuja kuligombea mbele yangu, ofisini.

"Mkwe wangu, mtoto ni wako," Ida alisema. "Lakini jina hilo hapana. Lina maji ndani yake. Limeshamchukua mmoja, nimpe na huyu atakayeoga humo humo kila siku?"

"Maji gani? Mimi nilisoma kalenda tu."

"Muulize Mtendaji."

Mama Scholastica akanigeukia. Nikamweleza, nikiangalia meza. Akasema taratibu, "Kumbe nilimpa jina la mtu aliyezama." Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Alibaki Lundo siku tatu. Kila asubuhi alikwenda kukaa mchangani akiyatazama maji, na hakuna aliyethubutu kumwita. Siku ya nne Mariana alikuja ofisini na mtoto mgongoni, mama wote wawili wakimfuata.

"Shikamoo, Mtendaji. Leta hiyo fomu," alisema. Kisha akamgeukia Mama Scholastica. "Mama, nimekubali. Aitwe Florian. Nimeongea na mama yangu, hatapinga tena."

Ida aliangalia pembeni, lakini kweli hakupinga.

Mama Scholastica alimpokea mtoto. Mtoto alikuwa na masikio ya baba yake, yale yale yaliyochomoza. Nikashika kalamu, nikasubiri alitamke. Alifungua kinywa, akakifunga. Alifungua tena. Mtoto alikuwa anachezea rozari yake. Hatimaye alimrudisha kwa Mariana, polepole, akamfunika vizuri.

"Andika Shukrani."

"Mama," nikasema, "ukoo unakusubiri. Jina umeshapewa."

"Wasubiri."

"Ni kwa sababu ya yule mtakatifu? Nisamehe, mama, mimi ndiye..."

"Si yeye. Wewe hujui kitu, Shija." Alikuwa analia sasa, machozi yanashuka na hayafuti. "Nikimpa huyu jina leo, yule nimemzika. Na mimi sijamwona. Akitokea hapo mlangoni, mwanangu, nitamwita nani?"