Injini ya Camaro Ndani ya Mustang ya Baba

Wiki iliyopita nilikuwa nasubiri taa za barabarani pale Pickering, huku ughaibuni, ikasimama kando yangu Mustang nyekundu, gari la marehemu baba. Niliitambua kwa bonyeo la mlangoni, kazi ya baiskeli yangu. Ila mlio haukuwa wake. Kwenye usukani alikuwa binti wa jirani yetu wa zamani kule Malvern. Baba alimpa gari alipoacha kuendesha, mimi sikuulizwa. Usinione mbaya, rafiki yangu, lakini roho iliniuma kama nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Jumamosi zetu zilinukia oili na tangawizi. Nikishazoa theluji mlangoni, mama alinituma gereji na chupa ya chai na chapati zilizofunikwa kwa taulo. Ndani nilimkuta baba na yule binti wameinamia injini, wanabishana kwa Kiswahili. Binti alikuwa ametoka Nakuru mwaka ule na mama yake, muuguzi. Akiingia tu, "Shikamoo, mzee," na baba uso wote unachanua. Mimi Kiswahili nilikielewa chote, ila nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa mtaa wetu.

Kwa Mustang, baba humwambii kitu. Alisema bloku lake la chuma, ule mwili wa injini, linavumilia hata ukifunga tabo, ile pampu ya hewa, isukume itakavyo. Mimi nilishamaliza magazeti yote ya magari maktaba, nikamweleza kwamba injini ya Camaro, gari pinzani la Mustang, ni nyepesi, haili nafasi, vipuri vyake vimejaa kwenye pikapu zilizotupwa, na ukibadilisha kemshafti tu, hiyo inayofungua vali, nguvu inapanda ajabu. Nilieleza vizuri sana, kwa Kiingereza. Baba alitabasamu, akamgeukia yule binti.

"Mwanangu, nipe spana kumi na tatu."

Mwanangu! Nilimchukia yule mtoto, nakwambia ukweli. Siku moja niliificha spana hiyo kwenye ndoo ya mchele. Waliitafuta mchana kutwa, wakicheka pamoja.

Basi siku ile ya taa mimi na yeye tuliegesha kwenye kituo cha mafuta, nikamuuliza, kwa Kiswahili nilichojifunza ukubwani, amelifanya nini gari la baba. Akasema ameweka injini ya Camaro. Nilipandwa na hasira, nikamwambia baba asingemsamehe.

"Ni yeye aliyeniambia niiweke," akasema taratibu. "Alisema, 'Binti yangu alikuwa sahihi tangu mwanzo, ila usimwambie, atavimba kichwa.'"

Nilicheka, tukaagana vizuri. Gereji ile siku hizi ni chumba cha wapangaji, na mama hapiki tena chapati za kulisha watu watatu wenye mikono ya grisi. Hayo nimeyazoea. Lakini utoto wangu wote niliingoja sentensi ile moja kutoka kwa baba, na alipoitoa, aliyeisikia ni yule binti.