Kaa wa Shamba la Shangazi

Mwaka ule nilichaguliwa kuwa mkaguzi wa ndani wa kikundi chetu cha mpunga wa kilimo hai, huku upande wa Mbwera. Kazi yenyewe ni uchokozi mtupu: unaingia mashamba ya jirani zako na kuwaandikia makosa. Mnunuzi huusaga mchele wetu kuwa unga wa uji wa watoto, ule wa kumwagia maji ya moto tu, na pakiti yake ina alama ya kilimo hai. Sharti kubwa ni kutotumia dawa. Akikosea mmoja, kikundi kizima kinanyang'anywa cheti.

Taabu yetu ni kaa. Wanaikata miche ingali laini, shamba zima likalala. Zamani watu waliwatilia dawa. Sisi tuliwaokota kwa mkono, ndoo kwa ndoo, migongo ikituuma.

Shamba la shangazi, kule bondeni, lilinitisha kabla sijaona kitu. Ukikanyaga tuta huwa unawasikia kaa wakikimbilia mashimoni. Siku ile sikusikia hata mmoja. Miche imesimama, kijani tupu, haina pengo. Nikainama. Kaa walilala chali matopeni, na kando yao ndege mmoja mweupe, amekufa.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye tuta, magoti yake mabovu ameyanyoosha, akinitazama. Yeye ndiye aliyenilea. Nilijua hawezi tena kuinama kuokota kaa, na hakuomba msaada kwa sababu ana kiburi kama mimi. Niliiogopa aibu yake, nikaiogopa na hasira ya kikundi. Penye swali la dawa nikaandika: hakuna. Nikajiambia mvua itaosha. Nilikuwa najidanganya, na nilijua.

Wakati wa mavuno boti ilipakia magunia yetu yote pamoja. Ya shangazi yalichanganyika na ya wengine, nisiweze tena kuyatambua. Niliporudi nyumbani nilimkuta mlangoni na kikapu cha mchele. Akanieleza kwamba alilima kipande kidogo nyuma ya nyumba yake, na kaa wa pale aliwaokota mwenyewe, akijivuta kwa makalio.

"Wapikie wanao huu, mwanangu," alisema. "Ule wa bondeni mimi siuli."

Boti ilikuwa haijafika mbali, na simu ninayo mkononi. Nikakipokea kikapu, nikamwambia ahsante, shangazi.