Msiba Uliotangazwa Kabla ya Maiti

Nilipoletewa habari kwamba mzee amefariki, neno la kwanza kunitoka halikuwa dua. Nilimuuliza mleta habari, “Safari hii ni kweli?” Naye hakukasirika. Mtu mzima yeyote wa Bagamoyo anajua kwa nini swali hilo linaulizwa juu ya mzee huyu, aliyekuwa jumbe wetu mpaka serikali ilipomvua ujumbe. Msomaji asiyejua nitamweleza, na asinilaumu akiniona nina hasira, maana ninayo.

Masika moja, miaka mingi iliyopita, mto Wami ulifurika ukameza mashamba yote ya ng'ambo, upande wa Mkange. Asubuhi moja akaingia mjini mtu aliyevuka kwa mtumbwi, miguu imechubuka, akasema watu wamekimbilia kilimani, maghala yao yamekwenda na maji, watoto wanatafuna mizizi. Dada yangu alikuwa ameolewa kijiji alichotoka mtu huyo. Nilikwenda kwa jumbe, naye hakunipa hata pole, alichukua bakora yake tukatoka. Mwenye ghala la serikali alituambia, “Mahindi yapo, Jumbe, lakini nikitoa yatafika Wami kwa miguu yake? Nileteeni chombo kwanza.” Forodhani, mwenye mashua ya injini akasema chombo anacho, mafuta yanatunzwa na watu wa barabara. Msimamizi wao naye akasema mafuta yapo na lori lipo, ila hawezi kuyagusa bila amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Bwana Shauri alikuwa Dar es Salaam, na simu ilikuwa imekatika kwa mvua. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya kati yao, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha wokovu, amekikalia.

Baada ya sala ya adhuhuri jumbe akasimama msikitini akasema, “Jamaa, kuna msiba kwangu.” Akaketi, hakuongeza neno. Nanyi mnajua desturi yetu: msiba hauna mwaliko wala ruhusa ya mkubwa. Ofisi zikafungwa. Vijana wakabeba jeneza la msikiti, wengine wakashika majembe, kina mama wakajitanda kanga wakaingia uani, wakamkuta mkewe anachambua mchele, hana habari. Barazani jeneza likatuliwa. Mwenye ghala akauliza taratibu, “Jumbe, nani ametutoka?”

“Bado hajatoka,” akajibu. “Watakaotutoka wako ng'ambo ya Wami. Nimewazunguka asubuhi yote, kila mtu ananituma kwa mwenzake. Sasa mwenye mahindi yuko hapa, mwenye mafuta yuko hapa, mwenye mashua yuko hapa. Semeni mbele ya jeneza hili nani anamngoja nani.”

Nilidhani watampiga. Shehe akasimama kwa ghadhabu. “Kifo hakichezewi, Jumbe. Umesema uongo nyumbani kwa Mungu.”

“Kweli, Shehe. Nitatubu. Lakini mashua iondoke kwanza.”

Mwenye mashua akamtazama wa barabara. Yule wa barabara akatoa ufunguo mfukoni. Vijana wale wale waliokuja kuchimba kaburi wakapakia magunia, na mashua ikaondoka kabla ya alasiri.

Dada yangu alirudi hai. Mama mkwe wake alikuwa amefariki asubuhi ile ile, akazikwa kilimani bila sanda. Jumbe alipoambiwa hakujitetea kwa lolote. Alisema tu, “Basi tulichelewa,” akaingia ndani. Bwana Shauri aliporudi alimvua ujumbe kwa kuchezea mali ya serikali. Sikusikia kwamba alimuuliza mtu kwa nini mali hiyo ilikuwa na wenyewe watatu wasiosemezana.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nasi tunaisema harusini na kwenye mikutano. Lakini sisi watu wa pwani tunajua kukutana kwa jambo moja tu bila kusukumwa, nalo ni maziko. Hatukutani kabla yake. Hata serikali yetu imejifunza tabia hiyo, au pengine sisi tumejifunza kwake, sijui.

Juzi tulimzika. Ofisi zilifungwa, kama desturi. Wale watatu, wazee sasa, walikuja pamoja na vijana waliowarithi kazi, wakafukia kaburi kwa zamu wakipokezana jembe bila kuambiwa. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kusanyika upande wa Wami. Nikawauliza wale vijana kama wamepanga nani atatoa nini mto ukijaa. Mmoja akasema, “Hilo lingefaa litoke juu, mzee wangu.”

Ndugu wasomaji, kaeni na vijana hao wiki hii hii, ghala na mashua na mafuta katika baraza moja, kabla mvua haijaanza. Yule aliyekuwa radhi kuitwa mwongo ili tukutane tumekwisha kumfukia. Safari ijayo atakayetuita atakuwa maiti wa kweli.